Taa Iliyowaka Siku Tatu

Mimi sikuwahi kupenda sola. Naliweka hilo wazi mapema, maana watu wa Kinondo bado hunitaja kama yule mwanamke aliyepanda paa, wakidhani nilishikwa na wazimu wa vitu vya kisasa. Wazimu gani! Nilikuwa naitafuta pumzi ya mwanangu. Binti yangu alikuwa na miaka saba na pumu, na kila tukiwasha kibatari chumbani kifua chake kilianza kulia. Daktari wa Msambweni alinitazama usoni akasema, "Mama, dawa nitakupa. Lakini ukiendelea na moshi ule ndani, mimi na wewe tunajidanganya."

Mimi na baba yake tulikuwa tumeachana. Aliishi Mombasa kwa dada yake, nyumba ya mawe yenye stima kila chumba. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichoma, maana mtu mbaya ungejua pa kumshika. Alikuja Jumamosi moja, akakaa barazani, akamsikiliza mtoto akikohoa mpaka chai yake ikapoa.

"Ametimiza miaka saba," akasema. "Kwa sheria zetu ningeweza kumchukua leo. Sitaki ugomvi na wewe. Nitarudi Ijumaa baada ya sala. Nikikuta nyumba ina taa isiyo na moshi, abaki. Nikikuta kibatari, nitaondoka naye."

Nikamjibu kwa kiburi, "Njoo hiyo Ijumaa yako." Alipoondoka nilikaa chini, pale pale mlangoni.

Kitu kimoja nilikuwa nacho. Nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, na mwaka ule watalii walipokatika baada ya fujo za siasa, hoteli ikafunga. Siku ya mwisho tuliambiwa tuchukue tunachoweza kubeba. Wenzangu walijitwika magodoro na mapazia. Mimi nilichukua kibao cha sola kilichokuwa kikiwasha taa ya bustani, na taa yenyewe ya tyubu, na betri ya gari iliyokuwa imekaa chini yake. Wakanicheka wee! Fundi wa umeme wa hoteli peke yake hakucheka. Alinionyesha waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akanionyesha vifuniko sita vya betri vinavyofunguliwa kwa sarafu, akasema maji yakipungua mle niongeze maji ya betri ya dukani, nisithubutu maji ya kisima kwa sababu ya chumvi. Vitu vile vilikaa uvunguni miezi, maana niliogopa hata kuvigusa.

Jumapili nilivitoa. Jumatatu asubuhi nikavaa suruali kuukuu ndani, leso juu, nikapanda paa.

Lo, Kinondo nzima ilisimama! Jirani mmoja akaniuliza kama nimekosa mwanamume wa kunipandia. "Kwani paa lina ndevu?" nikamjibu, nikaendelea. Makuti hayashiki msumari. Ilinibidi niyafunue, nitafute boriti, nikifunge kibao kwa kamba kwenye boriti halafu nirudishe makuti pembeni. Nilikifunga kwanza upande wa bahari. Minazi ikakitia kivuli mpaka saa nne. Nikakifungua, mikono imechubuka, jasho linaniingia machoni, nikakihamishia upande wa pili huku nikilia kwa hasira. Mama yangu, ambaye tuliishi naye, alikuwa chini ameshika ngazi kwa mikono miwili na kusoma dua kwa sauti. Hakuiachia ngazi ile hata adhana ya adhuhuri ilipoanza.

Jioni, baada ya magharibi, nikabonyeza swichi. Tyubu ikapepesa mara mbili, ikawaka.

Binti yangu alipiga kelele, akakimbia kuangalia mikono yake chini ya ule mwanga mweupe. Mama alisema "Allahu akbar," akafunika uso kwa leso. Sikuringa, nilikuwa namsikiliza mtoto. Siku ile alilala na kifua kimya. Jumanne pia. Jumatano pia. Nikaanza kuhesabu: bado siku mbili, bado moja.

Alhamisi asubuhi nikaifungua betri kwa sarafu, nikaona maji yamepungua. Mama akaniuliza ina nini. Nikamwambia kwa haraka, huku nimeshajifunga leso ya kutokea, "Inataka maji safi, mama. Maji safi kabisa. Naenda Ukunda kuyanunua." Ni hayo tu niliyosema. Habari ya chumvi sikuitaja, wala kwamba yaliyomo mle ni dawa kali na si maji. Ningesema maneno mawili zaidi, mawili tu!

Niliporudi na chupa ya maji ya betri jua lilikuwa likizama, nikamkuta mama ametulia, ana furaha yake moyoni. Magharibi ikaingia, nikabonyeza nipate mwanga wa kuyatia. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikashika waya moja moja, nyekundu, nyeusi, nikapanda juu ya kiti nikaigonga tyubu. Hakuna.

Ndipo nikaiona leso ya mama. Ilikuwa na matundu mbele, imeliwa, na vidole vyake vya kulia alikuwa amevificha kwapani.

"Mama, umefanya nini?"

Akanieleza bila wasiwasi wowote. Tangu mtoto aanze kuugua, mama alikuwa akimwandikishia kombe kwa mwalimu wa chuo cha Kurani: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Siku ile alikuwa na kombe jipya. Akafikiri, maji gani duniani yaliyo safi kuliko haya? Akavifungua vifuniko kama alivyoniona mimi nikifungua. "Lakini yale ya ndani yalikuwa yananuka, mwanangu," akasema. "Nikayamwaga kwanza, nyuma ya jiko. Yaliniunguza kidogo. Halafu nikaijaza yote, mpaka juu, kwa kombe na maji ya kisima."

Sitasahau nilichomwambia, na Mungu anajua nimetubu mara ngapi. Nilimwambia, "Wewe mwanamke umemfukuza mjukuu wako kwa mikono yako." Mama yangu! Aliyenishikia ngazi juani!  Aliingia chumbani kwake, asitoke mpaka asubuhi.

Ijumaa alfajiri niliibeba betri kichwani mpaka barabarani, nikaifikisha Ukunda kwa mtu wa kuchaji betri. Aliinusa, akatikisa kichwa. "Hii ni maji matupu. Nitaitia asidi nyingine, lakini kuchaji ni mpaka Jumatatu, na sikuahidi." Nilimsihi. Nilimwambia mtoto anachukuliwa leo. Akasema, "Pole, dada, umeme hauna huruma," nikarudi mikono mitupu.

Baba mtoto alikuja baada ya sala, kanzu imepigwa pasi. "Shikamoo, mama," akamwamkia mama yangu. "Marahaba." Kisha akaingia ndani, akaiona tyubu ukutani, akaiona waya inavyopanda darini, na uso wake ukalegea. Nadhani alifurahi. Wallahi nadhani alitaka kubonyeza iwake aende zake.

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Iliwaka, baba," binti yangu akasema. "Iliwaka siku tatu. Mimi niliiona."

Mama akainua kichwa. Midomo yake ikaanza kutikisika, na nikajua anataka kusema ni yeye, aaibike mbele ya mkwe wa zamani. Nikamkatiza. "Betri ilikuwa mbovu," nikasema. "Nilifunga vibaya."

Baba yake akaiachia swichi. Nikamwomba mpaka Jumatatu. Akasema, kwa upole kabisa, "Na akikabwa Jumapili?"  Nikafunga nguo za mtoto ndani ya leso yangu, nguo nne na viatu vya chuoni, na mama akampaka mafuta kifuani kwa ile mikono yenye malengelenge.

Baada ya mwezi nilikwenda Mombasa kumtazama. Alikuwa amenenepa. Alinikimbilia, akanikalia mapajani, akanisimulia habari za feni na jokofu na barafu. Niliweka sikio langu mgongoni mwake kama nilivyozoea. Kifua kilikuwa safi, pumzi inaingia na kutoka bila sauti. Shangazi yake akasema, "Hajakohoa tangu aje, alhamdulillahi." Nikasema alhamdulillahi. Na Mungu anisamehe, nilibaki nimelaza sikio pale, nikitamani akohoe, mara moja tu, ili nipate sababu ya kurudi naye nyumbani.