Siku Mtungi wa Bibi Ulipofudikizwa

Mwaka jana nilirudi Ndau kwenye arusi ya mjukuu wa dada yangu, na kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia mtaani kilikuwa tangi. Kila nyumba sasa ina tangi lake jeusi la plastiki, limekaa kando ya baraza limenona kama bwana arusi. Nilipoomba maji ya kunywa, mtoto alifungua mfereji, akanijazia kikombe, akaenda zake bila kuufunga vizuri. Matone yakawa yanaanguka mchangani, tone kwa tone, na mimi nikashindwa kuendelea na mazungumzo. Nikainuka nikaufunga. Dada yangu akanitazama akacheka, maana yeye na mimi tulilelewa na mtu mmoja.

Wewe rafiki yangu, kama hukukulia kisiwani, utasema huyu mama ana lake. Keti basi nikusimulie.

Miaka ile ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, maji yetu matamu yalikuwa ya jabia. Jabia ni sakafu pana ya chokaa iliyojengwa kwa mteremko, ili mvua ikinyesha maji yote yateremkie kwenye shimo kubwa lililojengewa. Mvua ikichelewa, jabia lilitiwa kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa mzee mmoja mwenye kikohozi, akilifungua baada ya sala ya alfajiri. Kila nyumba mitungi miwili kwa siku. Mwe wawili, mwe kumi, mitungi ni miwili. Ukibisha, alikohoa tu, na hapo kesi imekwisha.

Mimi niliishi na bibi yangu, mzaa mama, sisi wawili tu. Wazazi wangu walikuwa Amu, yaani Lamu mjini, nami nilipelekwa Ndau nimfanyie bibi wenzi baada ya babu kufariki. Bibi mwenyewe alikuwa Mwamu aliyeolewa Ndau, na mpaka anaingia kaburini hakuacha Kiamu chake: maji kwake yalikuwa mai, na njia ilikuwa ndia. Alisuka mikeka. Nyumba yetu ilinukia miyaa mibichi, uji wa mtama na ng'onda wa kuchoma, na hadi leo nikisikia harufu ya samaki mkavu juu ya makaa, njaa hunishika hata kama nimetoka kula.

Watu wawili kwa mitungi miwili ulikuwa utajiri. Nilioga baharini kama watoto wote, kisha nikajisuza kwa kata mbili nzima za maji matamu, na wenzangu wakinionea kijicho. Mabaki bibi aliyatia kwenye mtungi wa sabili, mtungi mwekundu uliokaa mlangoni pamoja na kata yake, anywe yeyote apitaye, kwa ajili ya Mungu. Watu walisema mtungi ule haukuwahi kukauka, hata mwaka ambao mbuzi walikufa. Nilipomwuliza kwa nini tunawapa watu maji yetu, bibi alishangaa. "Mai ya sabili si yetu, mwanangu. Sisi ni wenye kuyateka tu."

Kisha akafariki mama mmoja upande wa pili wa kijiji. Alikuwa mgeni aliyekuja kutoka bara kufuata kilimo, mumewe alikuwa amemtangulia, na hakuwa na ndugu pale. Aliacha msichana wa rika langu na mvulana wa miaka mitatu. Siku ya tatu ya matanga wanawake walikaa wakajadili nani atawachukua. Hakuna aliyekuwa mbaya, nataka ulijue hilo. Lakini ukame ulikuwa umefika pabaya, na kila mmoja alikuwa anawaza mitungi yake miwili. Wakati huo yule mtoto mdogo alikuwa amelala mapajani mwa bibi, amekamata ncha ya leso yake kwa nguvu zote. Bibi akataka kuinuka, akashindwa kuitoa leso. Akamtazama mtoto, akawatazama wenziwe, akasema, "Basi nipani mimi. Mola ashasema."

Wakaja. Msichana alikuwa na kifurushi cha nguo alichokilalia kama mto, na kila asubuhi alikifunga upya. Mimi nilimchukia bure. Kata zangu mbili zikawa nusu kata. Ngozi ikaniota unga wa chumvi, nywele zikawa kama kamba ya nanga. Niliona waziwazi kuwa ile nusu kata yake alimpa mdogo wake, yeye akabaki na chumvi yake bila neno, lakini hilo nalo lilizidi kunikera.

Nilidhani bibi ataacha sabili angalau mpaka mvua inyeshe. Thubutu! Alipunguza maji ya kupikia, akapunguza ya kwake ya kunywa, mtungi wa mlangoni ukabaki palepale. Ndipo akaja babu mkubwa, kaka yake marehemu babu, mtu wa hesabu kali na moyo mzuri aliouficha. Alisimama uani akachungulia mitungi yetu.

"Shemeji, watu wane kwa mitungi miwili. Utawanywesha nini hawa?"

"Mola aliyewaleta hapa ayua ndia ya mai."

Babu mkubwa akasema Ijumaa baada ya sala atarudi. Akikuta mitungi i mitupu, msichana atampeleka Faza, kuna nyumba inataka wa kusaidia jikoni, na mvulana atampeleka Amu. Kila mmoja kwake. Bibi hakubishana, maana yule ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alitandika msala. Msichana alikuwa nyuma ya mlango, na alisikia kila neno kama nilivyosikia mimi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Alhamisi ile, baada ya alasiri, palikuwa na maulidi ya watoto chuoni kwetu, tuliposomea Kurani, na mimi nilichaguliwa kukaa mstari wa mbele. Nitakaaje mbele na nywele zile? Adhuhuri bibi alikuwa kwa jirani akimalizia mkeka, na wale wawili walikuwa naye. Nikauburura mtungi wa sabili hadi uani. Nikaosha nywele kwa maji yote yaliyokuwamo, rafiki yangu, yote, hata nikajimwagia ya mwisho kwa kuona raha. Nikajipaka mafuta ya nazi, nikajifunga mtandio. Kisha nikaurudisha mtungi mahali pake, lakini nikaufudikiza, mdomo chini, ili ionekane umeoshwa na umewekwa ukauke.

Bibi aliporudi nilimwambia ulikuwa umeota kijani ndani nikausugua. Uongo mtupu. Akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Kesho tutautia mai." Afadhali angenipiga. Kwenye maulidi nilikaa mbele, nikinukia vizuri kuliko wote, na sikuisikia hata kaswida moja.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye mstari wa jabia, na mbele yangu walikuwa wanawake wawili. Mmoja alimwambia mwenziwe kwa sauti ya chini kuwa jana alipopita alikuta mtungi wa Bi umefudikizwa. Tangu aolewe hajauona hivyo. Mwenziwe akashika kifua. Kumbe, akasema, tumemwachia mayatima peke yake mpaka sabili imekauka, na sisi tunapita tu tukimwamkia! Mimi nikajitia kufunga kitambaa cha kichwa, maana uso ulikuwa unaniwaka.

Jua halijapanda vizuri, jirani wa kwanza akabisha hodi na sufuria ya maji. Hakutaja mtungi. Kwetu mtu hatajiwi uhitaji wake usoni. Alisema tu, "Nimeleta kidogo, Bi, na utuwie radhi," akaondoka haraka. Akaja mwingine na kibuyu. Akaja mke wa mwalimu wa chuo na birika la chai lililojaa maji hadi mdomoni. Yule mzee wa kikohozi, ambaye nyumbani kwake walikuwa watu tisa, alileta nusu mtungi mwenyewe, akakohoa, akaenda zake. Kila mmoja wao alikuwa na mitungi miwili kama sisi. Bibi alikuwa anapokea, hajui limetokea nini, akirudia kusema, "Alhamdulillahi." Mtungi wa sabili nilikimbilia kuujaza mimi, kabla hajaniambia.

Babu mkubwa alipofika baada ya sala ya Ijumaa, alikuta uani hakuna pa kukanyaga. Akazunguka vyombo vyote, akachungulia kimoja kimoja. Mwisho akatoka mlangoni, akateka kata moja ya sabili, akanywa taratibu mpaka ikaisha.

"Nyumba hii ina mai kuliko yangu," akasema, akaondoka peke yake.

Majirani hawakuishia siku ile. Mpaka mvua iliponyesha, kila asubuhi palikuwa na mtu wa kupitisha kata moja au mbili, na wale watoto hawakutoka tena nyumbani kwa bibi ila kwa ndoa zao.

Siri ile niliibeba miaka mingi. Nilimwambia bibi wiki ya arusi yangu, akinipaka mafuta kichwani. Nilidhani atalia. Alicheka hadi akajiziba mdomo kwa leso. "Na Mola hakupata mwingine wa kumtuma?" Akapaka tena kidogo, kisha akasema, "Mimi niliomba mai. Sikumwambia ayalete kwa mkono wa nani." Halafu akanivuta shungi kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, nikajua nimesamehewa.

Bibi hayupo, jabia limepasuka sakafu na mbuzi hulala humo. Matangi ni neema, sitaki kuwa mtu wa kusifu kiu. Ila tangi lina kifuniko, na jirani akikaukiwa leo hakuna apitaye njiani atakayejua.

Mwaka jana, usiku wa arusi ya yule mjukuu ulikuwa umepita, tumekaa uani asubuhi, mimi na dada yangu, yule msichana wa kifurushi. Nyumba ya bibi sasa ni yake. Mtungi wa sabili bado upo, umevunjika mdomo, umepandwa mrihani. Nikamwambia yote, mimi mzee mzima, macho chini kama mwizi wa nazi. Akachuma jani la mrihani, akalinusa.

"Siku ile ya Ijumaa," akasema, "nilikuwa nimefunga vifurushi viwili. Changu na cha mdogo wangu. Nilimfundisha jina langu na la mama, ayarudierudie, asije akatusahau huko Amu."

Nilimshika mkono. Naye akanitazama kichwani, kwenye mvi zangu, akaanza kutabasamu.

"Na nywele je," akauliza, "zilitakata?"