Barua ya Kumdai Marehemu

Barua ililetwa mama akiwa amekaa eda, mwezi wa pili tangu tumzike baba. Ilikuwa na muhuri, na miaka ile baada ya Mapinduzi karatasi yenye muhuri ilitosha kututia homa. Niliisoma kwa sauti: marehemu alikopa vitambaa, hakulipa, basi cherehani yake itachukuliwa baada ya siku saba. Cherehani ile ndiyo iliyotulisha. Baba aliitumia kushonea kanzu, na sasa nilishona mimi.

Niliutazama muhuri vizuri. Ulikuwa wa duka tu, duka la Mji Mkongwe alikokuwa baba akinunua vitambaa.

Kwetu, kabla jeneza halijatoka, ndugu wa marehemu husimama mlangoni akauliza nani anamdai. Ami yangu aliuliza mara tatu. Mwenye duka alikuwepo. Nilimwona kwa upenyo wa dirisha, kimya.

"Mama, huyu mwongo. Mbona siku ile alinyamaza?"

"Pengine aliona haya mbele za watu."

"Mwenye haya hamwandikii mjane aliye edani!"

"Na ikiwa kweli? Baba yako kafungika na deni huko kaburini, mwanangu. Mimi ntalala vipi? Mpe cherehani yake."

Nikavaa buibui, nikaenda dukani kwa hasira zangu.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Cherehani utaipata Ijumaa, nje ya msikiti. Ami atauliza tena, nawe udai mbele ya watu."

Akaanza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Ya nini kuaibishana?" akasema.

Ijumaa hakuja, wala ya pili yake. Mimi nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, lakini mama hakufurahi. Kila mwezi alitoa sadaka kwa ajili ya baba kutoka katika pesa za kushona, "ikiwa kweli." Tulikula muhogo mkavu kwa sababu ya "ikiwa" ile, na kila nilipoumega nilimchukia yule bwana upya.

Baada ya miaka michache akafa. Mama akanituma mazikoni.

"Wakiuliza, sema tumemsamehe."

Nilikaa ndani na wanawake. Mtoto wake akauliza mlangoni, nani ana haki yake kwa marehemu. Akauliza mara tatu. Nikaufumba mdomo wangu mpaka jeneza likatoka.

Niliporudi nyumbani Kikwajuni mama alikuwa ananingoja ukumbini.

"Umesema?"

"Nshasema, mama."

Usiku ule alilala fofofo.