Pedi ya Pembe Tatu

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mimi mwenyewe, hapa Busia, katika chumba cha gemu cha kaka yangu Ouma. Naliandika polepole, maana kusema mbele ya watu siwezi.

Tuna pedi za zamani za kuchezea gemu, za aina mbili. Moja ni kama kitofali. Ncha zake huchoma viganja ukicheza sana. Nyingine ina pembe tatu za kushikia, na watu huicheka. Aliyeiunda alidhani tuna mikono mingapi? Unashika pembe mbili, moja inabaki bure.

Sheria yetu ni moja: anayeshindwa anaweka pedi chini na kuondoka, hata awe nani.

Jioni hiyo mvua iliwarudisha wachezaji nyumbani mapema. Ouma alikuwa ametoka kutafuta chapati. Akaingia mwanamume mwenye koti refu.

"Kijana, nipe ile ya pembe tatu. Tushindane magari."

Nikampa, nami nikachukua ile ya kitofali.

"Nikikushinda, naenda na mkono wako wa kushoto."

Vijana wa hapa hutishiana hivyohivyo kabla ya mchezo, basi nikaitikia kwa kichwa. Aibu ilinizuia hata kumtazama.

Magari yalipoondoka ndipo nikatupa jicho kwenye vidole vyake. Niamini, pembe zote tatu zilikuwa zimeshikwa. Mkono wa tatu ulitoka kifuani mwa koti, mdogo, wa kike, kucha zimepakwa rangi.

"Huyu naye alikubali," akasema. "Wewe cheza."

Nilitaka kukimbia. Lakini kukimbia si ndiko kushindwa? Nikaibana pedi yangu mpaka ncha zikaniingia viganjani. Alikuwa mbele. Tulipofika kona ya mwisho, gari lake likayumba. Pedi ile ina msalaba wa kuongozea upande wa kushoto, na kijiti cha kuongozea katikati. Dole gumba lake lilibonyeza msalaba kwenda kulia. Lile la kike likavuta kijiti kushoto. Gari likagonga ukuta, mimi nikapita.

Sijui kama mkono ule ulikosea au ulinihurumia.

"Weka chini, mzee," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Akaiweka. Akaondoka.

Ouma alinikuta nacheka peke yangu, nahesabu vidole. Alama za ncha zile bado ziko viganjani mwangu, na sitaki zifutike.

Nawe unayekwenda kucheza kwa watu, usikubali dau kabla hujaona mwenzako anashika kwa mikono mingapi. Na pedi ikikuuma, usinung'unike. Inauma mkono ambao bado ni wako.