Upande B, Wimbo wa Tatu

Kile kisauti cha kanda kabla wimbo haujaanza, ssss, kama mafuta yanayopata moto, hata leo nikikisikia moyo unanilipuka. Jamani, kanda ilitaka kutuvunjia nyumba.

Tulikaa mtaa wa Ufukoni, mjini, pwani ya kusini. Baba alikuwa mwalimu, mtu wa Iringa, mwenye kuamini kila kilichochapwa. Mama kwao Madimba, kijiji cha huko huko kusini. Likizo moja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, baba alirudi na kanda mpya ya mwanamama wa Dar aliyempenda kupita kiasi. Ilikuwa mkusanyiko: nyimbo za wengine alizoziimba upya kwa sauti yake, na nyingine alizorekodi zamani zikabaki kabatini. Kwenye jalada waliandika kwamba wimbo wa tatu, upande B, haujawahi kusikika popote. Baba alitusomea hayo kwa sauti, kifua mbele.

Mama alikuwa kibarazani anakuna nazi. Wimbo ulipoanza akaufuatisha. Si kuufuatisha tu, aliutangulia! Mwimbaji hajafika ubeti wa pili, mama keshafika. Kisha akashtuka, akanyamaza.

"Umeusikia wapi huu?" baba aliuliza.

"Naujua tu."

"Tu ndiyo nini, Mama Tunu? Kanda imetoka juzi!"

Mama akainamia nazi yake. Laiti angedanganya! Hakujua kudanganya, alijua kunyamaza.

Basi, shetani akaingia. Baba alimshuku Hamisi, fundi redio wa jirani, kijana mtanashati aliyekuwa akipata kanda kabla ya mji mzima. Hamisi akisema, "Shikamoo, mwalimu," baba anaitikia kwa kununa. Akaanza kuzungumzia uhamisho, arudi Iringa, peke yake. Nami nikajifanya mpelelezi. Mama akienda kununua samaki namfuata, akicheka na mtu natega sikio. Sikuona kitu, na kutoona kitu kukanizidishia shaka. Niliwaza, huyu mjanja kweli. Nilimchukia mama yangu, nasema ukweli.

Likizo iliyofuata mama wadogo walinichukua Madimba nikachezwe unyago. Baba alikubali shingo upande. Huko ndani wanawake wakaanzisha wimbo, mwili ukanisisimka. Ni ule ule! Maneno yake makali kuliko ya kwenye kanda, na siyaandiki hapa, msinisumbue. Somo wangu, mama aliyekuwa akinifunda, akanionya kwamba mwanamume hatakiwi hata kujua kwamba ni wimbo wa unyagoni. Yule mwimbaji aliupata kwa bibi gani, sijui. Alithubutu, mwanamke yule!

Nilirudi nyumbani na khanga mpya, mama akanipokea kwa vigelegele. Baba alingoja tubaki wawili.

"Mwanangu, wewe hunifichi kitu. Ule wimbo, mama yako aliujulia wapi?"

Sentensi moja tu ingemrudishia mama mumewe. Nilimwonea baba huruma.

"Sijui, baba."

Akaniangalia kwa macho yale yale aliyomwangalia mama.

Nilikuwa nimeamini kwamba anayenyamaza anaficha maovu yake. Kumbe mama alikuwa analinda kitu cha wanawake wote wa kwao, na aliyeumia ni yeye peke yake. Hilo lilinichukua miaka kulielewa sawasawa. Baba hakuomba uhamisho. Alikaa nasi mpaka alipofariki, akitushuku wote wawili.