Kuku wa Mama Jebet

Hili nimelimeza muda mrefu, na hata sasa nikiwasimulia ninyi waandishi wenzangu, masikio yananiwaka moto.

Mwaka jana nilipata kibarua cha kupima umaskini (riwaya haijawahi kunijazia sufuria, tusidanganyane). Kazi ilikuwa kuuliza kila nyumba imekula nini kwa siku saba, mjini Eldoret na mashambani, ili mradi mmoja ujue nani asaidiwe. Kule Yamumbi, pembeni mwa mji, ilikuwa rahisi, watu hununua kila kitu na bei wanazijua. Kisha nikatumwa mashambani, upande wa Kesses, kwa Mama Jebet, mjane anayelea wajukuu wanne.

"Keti kwanza," aliniambia. "Mgeni hawezi kuuliza maswali na njaa."

Kabla sijafungua fomu nikasikia kuku akipiga kelele nyuma ya jikoni. Ningekataa hapo, yangeishia hapo. Nilikula, tena nikala vizuri, ugali, paja, kifua, nikashushia na mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, wajukuu wakinitazama kutoka mlangoni, halafu kwa kujifanya mfanyakazi mwaminifu nikaandika vyote vilivyokuwa mezani kama chakula cha nyumba ile, na kwa kuwa havikununuliwa nikavipa bei ya soko la mjini, iliyo juu, ndiyo niliyoijua. (Kwamba chakula alichopikiwa mgeni hakihesabiwi, nilikuja kulisoma baadaye.)

Siku ya baraza niliketi mbele na wakubwa, shati limepigwa pasi, chifu akasoma majina ya watakaosaidiwa mpaka mwisho. Mama Jebet akasimama.

"Chifu, sijasikia jina langu."

Chifu akapekua karatasi. "Mama, hapa imeandikwa nyumba yako inakula kuku na maziwa. Wewe uko sawa."

"Kuku nilikuwa naye mmoja," akasema taratibu. "Aliyemla ni huyo kijana ameketi hapo kando yako."

Watu wakaangua kicheko. "Ameshiba yeye, utajiri ukapewa wewe," mzee mmoja akadakia. Mama Jebet hakucheka. Alivuta leso yake mabegani, akaketi, na kicheko kikafa chenyewe.

Nilimkimbilia msimamizi wangu nikakiri kila kitu. Akasema orodha imeshafungwa.

Juzi nilimpelekea Mama Jebet kuku wawili. Aliwapokea kwa mikono miwili, akaniambia nikae, akaingia jikoni kutafuta kisu. Nikamsihi asichinje, nikasema nimeshiba, akanitazama kama niliyemtusi. Basi nikakaa. Nyumba ya mtu sitaingia tena na fomu, nimeapa, lakini siku hiyo nilikula tena.