Mtani Aliyeomba Ruhusa

Bi Mwamvita ni fundi cherehani wa Chemchem, na kama mjini Tabora yupo mwanamke makini kumzidi, mimi jirani yake sijamwona. Kitambaa chako atakipima mara mbili, atakuuliza kola unaitaka vipi, na usipokuja kuchukua nguo yako itakuwaje. Usipomjibu hashiki mkasi. Ndiyo maana mpaka leo sielewi ilikuwaje mtu huyo akapatana na mpishi wa harusi ya bintiye Asmahani kwa kicheko.

Mpishi mwenyewe ni Majidi. Ni Mzaramo, ingawa amezaliwa Tura, maana baba yake alikuwa mtu wa reli akalowea huko. Kwa pilau hana mpinzani. Sasa Bi Mwamvita ni Mnyamwezi, na hao wawili ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakizikana njiani. Mtani anaweza kukutangazia kifo nawe uko hai, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa.

Siku ya kupatana nilikuwepo. Nilimwambia Bi Mwamvita waandikishane: kuni za nani, wasaidizi wa nani, na mpishi akipata dharura nani atashika mwiko. Wakwe wanatoka Usoke, na watu wale wakilala njaa harusini, Asmahani atasimangwa mpaka apate wajukuu. Akanijibu kwamba kumwandikisha mtani ni kumtukana. Swali la dharura alimuuliza kwa mdomo, nusu anacheka. Majidi akasema siku hiyo yeye atakuwa kaburini, wapike wenyewe, au Wanyamwezi wanachojua ni kubeba mizigo tu? Tukacheka sote. Akapokea advansi, akaondoka amevaa kandambili za Bi Mwamvita.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano Majidi akapiga simu: hatakuja, mama yake yu hoi huko Tura, watafute mpishi mwingine. Bi Mwamvita akamwambia huyo bibi angoje kidogo, akifa kabla ya pilau watamzika na masufuria. Akakata simu huku anafuta machozi kwa kucheka.

Baadaye advansi ikarudi kwenye simu, yote. Hapo kicheko kikamwisha. Akaja kwangu ameishika simu mkononi, ananiuliza kama niliwahi kuona mtani akirudisha pesa. Labda huo ndio utani wenyewe, amtie kiwewe. Lakini mbona sauti yake ilikuwa ya chini? Hapohapo akajijibu kwamba Majidi akitania huwa hivyohivyo, hacheki kamwe. Nikamwambia ampigie amuulize. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. Ukimuuliza mtani kama anasema kweli umeshashindwa, na mji mzima utaambiwa.

Kaka yake Bi Mwamvita, Mfaume, alisema ni mtego, Wazaramo anawajua. Mdogo wake, Najiat, alisema mpishi mwingine atafutwe leo hii. Na Majidi akitokea Jumamosi na masufuria yake? Wapishi wawili, jiko moja, na wakwe wanatazama. Bi Mwamvita alikuwa akinyanyuka kwenda kutafuta mpishi, anafika mlangoni, anarudi kukaa. Mimi nilikasirika, kisha nami nikawa sijui. Kila nilipoukumbuka uso wa Majidi, niliona uso wa mtu anayetania, halafu niliona uso wa mtu tu.

Alhamisi Bi Mwamvita akairudisha ile pesa kwa Majidi, na ujumbe juu: "Mtani, sikuachii. Njoo upike."

Jumamosi alfajiri tukamkuta Majidi uani, anapanga mafiga. Bi Mwamvita akapiga kigelegele peke yake, akatugeukia mmoja mmoja kutuuliza kama hakutuambia. Akamwendea mtani wake kumuuliza habari za marehemu. Majidi akaomba kisu cha vitunguu. Akatupiwa utani wa kwanza, wa pili, akawa anakoroga tu. Bi Mwamvita akaja kuninong'oneza kwamba leo mtani kazidi, hata jino haonyeshi. Mimi nikasema pengine amechoka.

Pilau ikatoka. Watu wa Usoke walikula mpaka wakalegeza mikanda, na mama mkwe akasema hadharani kwamba Asmahani ametoka kwenye nyumba yenye adabu. Katikati ya kupakua simu ya Majidi ikalia. Akasogea kwenye ua wa makuti, akasikiliza, akarudi, akapakua mpaka sahani ya mwisho. Kisha akanawa mikono, akamfuata Bi Mwamvita kwenye msafara wa wakwe.

"Mama amefariki," akasema. "Niliomba ruhusa, mtani. Ukanirudishia."

Akaenda zake. Bi Mwamvita alibaki amesimama na kitenge cha kumtunza bibi harusi begani, akaniuliza mimi kama ni kweli. Nilitamani kumzaba kibao, na nilitamani kulia.

Kesho yake tukaenda Tura. Tulikuta watu wamerudi makaburini, wamekaa kwenye mikeka kimya. Walipojua kwamba mtani wa kutoka Tabora amefika, nyuso zikachangamka kidogo, wanawake wakampisha katikati. Kazi ya mtani msibani inajulikana: aangushe kilio cha uongo, adai deni la marehemu, awafanye wafiwa wacheke wapende wasipende. Watu wakamngoja.

Bi Mwamvita akapiga magoti mbele ya mpishi wake.

"Majidi," akasema, na sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina, "nisamehe. Pole sana."

Majidi alimtazama. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa akitaka tu kujua.

"Hapo unatania," akamuuliza, "au unasema kweli?"