Antena ya Boti na Mshipi Wangu

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa: mimi ndiye yule mtu aliyebaki na chupi mbele ya mama mkwe, saa tano mchana, juu ya paa la boti, Ziwa Naivasha, mwaka wa elfu mbili na saba. Na sikuwa nimelewa. Heri ningekuwa nimelewa, angalau ningekuwa na kisingizio.

Wakati huo nilikuwa fundi wa antena za TV hapa Bondeni, Nakuru, na nilikuwa namtaka msichana anaitwa Nekesa. Babake, Mzee Simiyu, alikuwa dereva wa boti ya watalii kule Naivasha. Mwenye boti alikuwa singasinga mmoja mwenye duka la mabati mjini, jina lake Balbir, na huyo Balbir alikuwa amenunua GPS, kwa sababu lile ziwa lina visiwa vya mafunjo vinavyoelea, leo viko hapa kesho viko pale, na asubuhi moja ya ukungu boti ilizunguka na wageni mpaka wakaanza kuomba. Mzee Simiyu akamwambia asihangaike kutafuta fundi, yeye ana kijana wake. Kijana wake! Nekesa aliponiambia babake ameniita hivyo nililala nikitabasamu, maana mpaka siku hiyo mzee hakuwa amesema kama ananikubali au ananikataa, na hiyo kazi ndiyo ilikuwa mtihani wenyewe. Akanipigia simu kuuliza kama naijua GPS.

Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ya kila siku, mzee." Sikuwa nimeiona hata kwa picha.

Jumamosi nikafika na bomba la mita tatu, kwa sababu mimi najua kitu kimoja, antena ikiwa juu ndiyo inashika. Balbir alikuwa amekuja na jamaa zake kama kumi, wazee, kina mama na watoto, wamesimama pale gatini wanangoja kuzungushwa ziwani. Akanipa ile antena (kitu kidogo cheupe, umbo la uyoga) pamoja na kitabu cha maelezo. Kitabu nikakikunja nikakiweka mfukoni, si wageni wangeona fundi anasoma? Nikafunga uyoga kwenye ncha ya bomba, nikapanda juu ya paa la boti, halafu ndipo nikagundua kwamba zile klampu za kushikisha bomba nimeziacha kwa meza yangu Bondeni. Mtu mwenye akili angeshuka aseme. Mimi nikavua mshipi wa suruali nikafunga bomba nao, na hiyo suruali nilikuwa nimeazima kwa rafiki yangu mnene ndiyo nionekane nadhifu mbele ya mzee.

Basi tukaanza ile kazi ninayoijua. Mzee Simiyu amekaa chini kwa usukani anaangalia kioo, mimi juu nazungusha bomba, namuuliza imeshika, ananijibu bado inatafuta. Nikaielekeza Nairobi, bado. Nikaielekeza mlima Longonot, bado. Kila nikizungusha namwambia azime awashe tena, kama TV. Tulizima na kuwasha nafikiri mara ishirini (ile takataka inataka kuachwa ikae tu dakika kadhaa itafute satelaiti zake, lakini hayo yalikuwa kwa kitabu, na kitabu nilikuwa nimekikunja). Balbir akaanza kuangalia saa. Nikachoka, nikafungua mshipi, nikainua bomba zima kwa mikono miwili juu ya kichwa.

Hapo ndipo mama Nekesa alipotokea na sufuria la samaki wa wageni. Hakuna aliyeniambia anakuja. Sasa mjue, sisi Wabukusu mkwe na mama mkwe hawasalimiani hata kwa mkono, mkikutana njiani mmoja anaingia kwa majani. Nikasikia suruali inateremka. Nikiachilia bomba, antena ya Balbir inaenda kwa viboko. Nisipoachilia, aibu. Nikabana magoti, nikaomba Mungu, na wakati huohuo boti nyingine ikapita ikaleta wimbi, suruali ikafika kwa viatu, nikaruka kuishika, nikaenda majini nayo. Bomba lilianguka ndani ya boti.

Wale watoto wa Balbir walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mama Nekesa alikuwa tayari amegeuka, ameangalia barabara ya Naivasha mjini. Akafungua leso yake kiunoni, akaitupa nyuma bila kugeuza shingo, akamwambia mumewe, "Baba Nekesa, mwambie huyo mtu ajifunike." Huyo mtu! Asubuhi nilikuwa kijana wao.

Nilipokuwa nimekaa pale gatini ndani ya leso, natoa maji masikioni, boti ikalia piip. Uyoga umelala sakafuni, hakuna aliyeugusa robo saa nzima, na kioo kinaonyesha ziwa lote. Mzee Simiyu akakitazama, akanitazama, akapakia wageni akaondoka.

Ilinibidi nipeleke mbuzi na blanketi kwa mama Nekesa kusafisha hiyo aibu, na wazee watatu wakaniombea msamaha huku nikiwa nimesimama nje ya ua. Mama akajibu akiwa jikoni, kupitia kwa shangazi, kwamba binti nitaozwa, ila mimi nisipande paa lolote la boma lake maisha yangu yote. Nikakubali mbio. Siku hizi TV yao ikikataa wanaita fundi mwingine, tena mtu niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, na anapozungusha huko juu akiuliza imeshika, mimi ndiye ninakaa chini na kumjibu bado.